Je, Mtu Huzaliwa Kalasinga?

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Mimi niliuliza swali moja muhula uliopita na likanitoa katika aibu kubwa. Jibu nililopata ndilo ninalowaletea ninyi wanachama wenzangu katika kurasa hizi.

Sisi wanafunzi wa kutwa tunajua jinsi saa saba ilivyo ndefu. Mwenye pesa huenda kula, asiye nazo hunywa maji ya mfereji akajifanya anasoma. Basi Jumapili moja nilikuwa nikitoka Nyalenda kwa shangazi, tumbo tupu, nikapita karibu na hekalu la Kalasinga hapa mjini Kisumu. Mzee mmoja wa kilemba akaniita ndani. Nilivua viatu, nikapewa kitambaa cha kufunika kichwa, nikanawa mikono, nikaketi sakafuni katika mstari pamoja na watu wengine. Kulia kwangu alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi mwenye saa ya dhahabu, kushoto kijana wa bodaboda. Sote tulipewa chapati, wali na mchuzi wa dengu. Hakuna aliyeniuliza jina wala dini.

Kosa langu ni kumwambia jirani yangu wa dawati. Kufikia saa nne Jumatatu, darasa zima lilikuwa likiniita "ombaomba wa Kalasinga". Nyumbani nako mama akanionya, "Mwanangu, leo wanakupa chapati, kesho watakufunga kilemba." Nikawa na maswali mawili. Je, nilikuwa nimeomba? Na je, mtu ambaye hakuzaliwa Kalasinga anaweza kuwa Kalasinga? Jumapili iliyofuata nilirudi nikamuuliza yule mzee, kisha nikasoma zaidi katika maktaba.

Kwanza tuanze na jina. Neno "Kalasinga" ni letu sisi wa Afrika Mashariki. Inasemekana lilitokana na Kala Singh, mfanyabiashara aliyekuwa miongoni mwa watu wa kwanza wa dini hiyo kufika hapa nchini. Wengine walikuja na ujenzi wa reli, wakiwa maseremala, wahunzi na waashi kutoka Punjab. Reli hiyo ilifika ziwani Desemba 1901, wakati mji wetu ukiitwa Port Florence. Kwa kuwa tumewaona wakiwa watu wa nchi moja na lugha moja, wengi wetu hudhani Ukalasinga ni kama kabila, eti lazima uzaliwe nao. Kumbe sivyo! Wenyewe hujiita Sikh, na neno hilo maana yake ni mwanafunzi. Sasa nani huzaliwa akiwa mwanafunzi? Mtu huwa mwanafunzi siku anapokubali kufundishwa.

Dini hii ilianzishwa na Guru Nanak, aliyezaliwa mwaka wa 1469. Alifundisha kwamba Mungu ni mmoja na watu wote ni sawa. Alisema mambo matatu yatosha: kumkumbuka Mungu, kula jasho lako mwenyewe, na kugawana na wengine ulicho nacho. Baada yake walifuata maguru tisa. Huyo wa tatu, Guru Amar Das, ndiye aliyejibu swali langu, kwa maana hakuzaliwa Sikh.

Amar Das alizaliwa mwaka wa 1479 katika familia ya Kihindu. Alikuwa mkulima na mfanyabiashara, tena mcha Mungu. Masimulizi yasema kila mwaka alikwenda hija kwa miguu hadi mto Ganges, na alifanya hivyo karibu mara 20. Siku moja akiwa njiani, mtu wa dini alimuuliza mwalimu wake ni nani. Akajibu kwamba hana. Yule mtu alikasirika kwa kuwa alikuwa amekula pamoja na mtu asiye na mwalimu. Amar Das alirudi nyumbani na huzuni. Miaka yote ile ya kutembea, na bado hakuwa amepata alichokuwa akitafuta!

Kisha asubuhi moja alimsikia mke wa mwana wa ndugu yake akiimba nyimbo za Guru Nanak. Msichana huyo, Bibi Amro, alikuwa binti wa Guru Angad, guru wa pili. Amar Das alimwomba ampeleke kwa baba yake. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 60 hivi, naye Guru Angad alikuwa mdogo wake kwa miaka 25, tena mkwe wa ukoo. Msomaji, hebu fikiria. Kwetu hapa, mzee akienda kumtumikia mkwe aliye mdogo wake, watu watasema amerogwa.

Lakini Amar Das alibaki huko. Kwa miaka 12 aliamka kabla ya mapambazuko, akateka maji mto Beas, akayabeba kilomita kadhaa hadi kijiji cha Khadur ili guru wake aoge. Dada zetu wa Dunga wanajua uzito wa mtungi wa maji. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja wa mvua alijikwaa kwenye kigingi cha mfumaji nguo, na mke wa mfumaji akamcheka kuwa ni mzee asiye na kwao. Guru Angad aliposikia, alisema mzee huyo atakuwa makao ya wasio na makao. Mwaka wa 1552 Amar Das akawa guru, akiwa na miaka 73, na aliongoza hadi alipofariki mwaka wa 1574.

Alipokuwa guru alitilia mkazo sheria moja: atakayemwona lazima kwanza aketi chini na kula pamoja na watu wote. Masimulizi yasema hata Akbar, mfalme mkuu wa India, aliketi. Chakula hicho huitwa langari. Si sadaka ya maskini, kwa sababu tajiri naye hukaa papo hapo sakafuni. Basi ikiwa mfalme hakuitwa ombaomba, mimi je?

Langari hiyo imefika kwetu. Pale Makindu, kando ya reli, kuna hekalu lililojengwa mwaka wa 1926 ambalo hulisha wasafiri wa dini zote. Kericho nako aliishi Baba Puran Singh, aliyezaliwa Punjab mwaka wa 1898. Yeye alizaliwa Sikh, lakini hakuacha kujifunza na kutumikia. Uzeeni alihamia Birmingham, Uingereza, akaanzisha chama kiitwacho Guru Nanak Nishkam Sewak Jatha. "Nishkam" ni kufanya kazi bila kutaka malipo. Alifariki mwaka wa 1983, na Kericho leo kuna hekalu kubwa la kumkumbuka, ambapo mpita njia yeyote hupata chai na chakula.

Mimi bado ni Mkristo, na nilimweleza mama hivyo akatulia. Yule mzee hakunifunga kilemba. Alichoniambia ni kwamba aliyekula anaweza pia kuosha sahani. Kwa hivyo Jumapili ile nilikunja mikono ya shati nikaosha sahani hadi vidole vikakunjamana, na mfanyabiashara wa saa ya dhahabu alikuwa kando yangu akisuuza.

Juzi jirani yangu wa dawati, yule aliyenitangaza, alininong'oneza, "Hawa watu hupakua saa ngapi?" Nilimwambia saa, nikamwambia pia avae shati la mikono mifupi.

Wenzangu, elimu haina mwisho. Ikiwa mzee wa miaka 60 alikubali kuwa mwanafunzi, sisi wa Kidato cha Tatu tusione haya kuuliza.