Mwamba wa Kokoto

Tusemapo mwamba, twafikiri kitu kimoja kigumu kisicho na mchanganyiko. Leo twawapeleka Ugiriki, kando ya milima ya Pindus, juu ya mji wa Kalambaka. Hapo pana nguzo za mawe ziitwazo Meteora, yaani zilizoning'inia hewani. Nyingine zapita mita 300 kutoka bondeni.

Ukiusogelea mwamba huo utaona umejaa kokoto, kubwa kwa ndogo. Mamilioni ya miaka iliyopita mito iliteremka milimani ikizibeba, na safari hiyo ndiyo iliyozisugua hata zikawa mviringo. Mito ilipoingia baharini ikaishiwa nguvu, ikazitua pamoja na mchanga. Zikalundikana, zikagandamizwa, na madini yaliyoyeyuka majini yakazishikamanisha. Fundi yeyote aliyechanganya zege aielewa kazi hiyo. Kisha nchi ikainuliwa na kupasuka, na mvua na upepo vikazichonga nguzo.

Mtume Petro aliwafananisha waumini na mawe, wala si jiwe moja. Lakini katika makanisa yetu tumeona watu wakigawanyika kwa ajili ya lugha ya ibada, au ukoo wa mzee wa kanisa! Kokoto za Meteora zilitoka milima mbalimbali, na hata leo kila moja yatambulikana. Haikusagwa ili ifanane na jirani yake. Ila ikichomoka huanguka, ingawa ni ngumu vilevile.

Wakaaji wa upweke waliishi katika mapango ya huko. Katika karne ya 14 Athanasios, mtawa aliyetoka Mlima Athos, alianzisha Meteoron Kuu, na baadaye nyumba za watawa zikafika 24. Wengi wetu hatukulelewa katika desturi ya utawa, lakini imani yao yatushangaza. Walipanda kwa ngazi za kufungwa, au wakavutwa ndani ya wavu. Husimuliwa kwamba walipoulizwa kamba hubadilishwa lini, walijibu, "Bwana akiiacha ikatike." Wenye matatu wasiige!

Vidato vilichongwa mwambani katika miaka ya 1920. Leo nyumba sita bado zina watu, nne za wanaume na mbili za wanawake, na watalii ni wengi kuliko watawa. Sala zaendelea.