Nanaa ya Viroboto na Hatari ya Mafuta Yake

Miongoni mwa jamaa za nanaa, ambazo nyingi hutiwa katika chai na vyakula pasi na madhara, iko moja yenye majani madogo na maua ya zambarau, iotayo penye unyevu katika nchi zilizoizunguka Bahari ya Mediterania, nayo wataalamu huiita Mentha pulegium. Warumi waliitumia kufukuzia viroboto. Dioscorides, tabibu wa Kiyunani wa karne ya kwanza, aliisifu kuwa huleta hedhi na kutoa mimba. Na watu wa Moroko, waijuao kwa jina la fliyo, hata leo huichemsha, pengine katika maziwa, washikwapo na mafua au kikohozi.

Desturi ya kale namna hii yastahili heshima, lakini ukongwe wake si dhamana ya salama. Kwani ile harufu kali iwakimbizayo viroboto hutokana hasa na pulegoni, na pulegoni ikiisha kuingia mwilini, ini lenyewe, ambalo kazi yake ni kuondoa sumu, huigeuza kuwa mentofurani na vitu vingine vikali, ambavyo humaliza akiba ya glutathioni izikingayo chembe za ini, kisha vikaziua chembe zenyewe. Ndivyo idhuruvyo parasetamoli iliyomezwa kupita kiasi, na kwa sababu hiyo matabibu hujaribu dawa ile ile, asetilisisteini, mgonjwa akiwahi kufika.

Majani machache kikombeni huwa na pulegoni kidogo. Mafuta yake ni habari nyingine kabisa. Mwaka 1978, huko Colorado, Marekani, msichana wa miaka 18 aliyetaka kutoa mimba alikunywa yapata mililita 30, na siku ya saba akafariki, ini limeharibika, ilhali yumo mikononi mwa madaktari. Inanihuzunisha kwamba uvumi kwamba mafuta haya hutoa mimba ungalipo, maana hakijulikani kipimo kitoacho mimba kikamwacha mama salama.

Wala chai haimfai kila mtu. Mwaka 1996 matabibu wa California waliandika habari za watoto wachanga wawili walionyweshwa chai ya nanaa iliyooteshwa nyumbani: mmoja alikufa, wa pili akapatwa na degedege na maradhi ya ini, na damu zao zilipopimwa zilikutwa na mentofurani.

Basi mtoto mchanga asinyweshwe, mjamzito na mwenye ini dhaifu wajiepushe, na mafuta yasimezwe kamwe. Aliyekwisha kuyameza apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa yake, hata akijiona mzima, kwa kuwa ini huweza kuharibika kabla dalili hazijadhihiri.