Maumivu Hayajui Idara

Siku hizi hakuna mtaa usio na kliniki yenye bango la kutibu "mwili, akili na roho". Ukiingia, unashikishwa kifimbo cha chuma kilichounganishwa na kompyuta, na baada ya dakika mbili printa inatema kurasa za magonjwa usiyojua kama unayo: ini limechoka, damu nzito, figo zina sumu. Dawa za magonjwa yote hayo, kwa bahati njema, zimo kwenye kabati nyuma ya mhudumu huyohuyo.

Wazo lenyewe silikatai. Binadamu hagawanyiki kama nyama buchani, na anayeumwa huumwa mzima mzima. Ninachokikataa ni kuamini kwamba mtu mmoja mwenye kabati moja anaweza kuyamaliza hayo yote. Kuna tawi la tiba ambalo limelifanyia kazi wazo hili kwa zaidi ya nusu karne, nalo ni tiba shufaa: huduma ya kumpunguzia mateso mtu mwenye maradhi mazito, kama saratani au figo zilizoshindwa kazi, awe atapona au hatapona.

Chimbuko lake la kisasa ni Uingereza. Cicely Saunders, aliyezaliwa mwaka 1918, alianza kama muuguzi. Mgongo ukamshinda, akahamia kazi ya ustawi wa jamii hospitalini, kisha akarudi darasani na kufuzu udaktari mwaka 1957. Miaka 10 baadaye akafungua St Christopher's Hospice, London. Alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa wa aina hii yana pande nne zinazoshikana: mwili, nafsi, maisha yake na watu, na imani yake. Saunders alikuwa na taaluma tatu ndani ya kichwa kimoja. Sisi wengine inabidi tukae mezani na wenzetu.

Meza hiyo inafanya nini hasa? Chukulia mama wa miaka 50 hivi mwenye saratani ya matiti iliyofika kwenye mifupa ya mgongo. Titi lina kidonda kilicho wazi, mkono wa upande huo umevimba. Anakuja kliniki akisema mgongo unamuua na tumbo linauma. Daktari akiwa peke yake atafanya alichofundishwa: ataangalia dozi ya mofini aliyoandika mwezi uliopita, aone haitoshi, aongeze.

Muuguzi aliyemtembelea nyumbani anajua jambo ambalo daktari halijui: chupa ya mofini iko nyuma ya kabati la vyombo, na haijapungua hata robo. Shangazi anayemuuguza mama huyo aliambiwa kwamba hiyo ni dawa ya kumalizia watu. Kiasi kidogo mama alichokunywa kilimfungisha choo siku sita, ndiyo maana tumbo linauma. Hapo kuongeza dozi ni kuandika kwenye maji. Anachohitaji kwanza ni dawa ya kulainisha choo, ambayo ilipaswa kuandikwa siku ileile ya mofini, na mtu wa kukaa na shangazi amweleze kwamba mofini iliyopimwa vizuri haiharakishi kifo. Mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa nne: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, na saa 4 usiku dozi maradufu ili mgonjwa alale mpaka asubuhi. Anayengoja maumivu yapande kwanza ndipo anywe, siku zote atakuwa anayakimbiza.

Sasa tuje kwenye kidonda. Kinanuka, na jambo hili watu hawapendi kulitaja, hata hospitalini. Mume amehamia chumba kingine. Mama mwenyewe ameacha kwenda kwenye kikoba, kikundi chake cha kuweka akiba, kwa hiyo hisa zake zimesimama, na binti wa kidato cha pili anakosa shule ili amwoshe mama. Tiba ya harufu hiyo ni rahisi: vidonge vya metronidazole, ambavyo wengi wanavijua kwa jina la Flagyl, vinasagwa na unga wake unanyunyizwa juu ya kidonda kilichosafishwa. Wauguzi wengi wa tiba shufaa wanaijua mbinu hii kwa vidole, na siku chache tu hutosha kuona tofauti. Harufu ikipungua, mume anaweza kurudi chumbani na mama akarudi kwenye kikoba. Sasa niambie: hiyo ilikuwa tiba ya mwili, ya ndoa au ya uchumi?

Mtaalamu wa fiziotherapia ataufunga mkono uliovimba na kumfundisha kuuinua anapolala. Afisa ustawi wa jamii atashughulikia nauli, kwa sababu mionzi michache mgongoni ingempa nafuu kubwa, ila mashine za mionzi ni chache. Kwa miaka mingi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ilikuwa kituo pekee nchini Tanzania chenye huduma hiyo. Na kuna sheikh au mchungaji. Mama huyu anaamini anaadhibiwa kwa kosa la zamani, na usiku ndipo linapomjia. Hakuna kidonge cha jambo hilo. Lakini dozi ya mofini itaonekana haitoshi mpaka lipate wa kulisikiliza.

Afrika Mashariki tuna haki ya kujivunia kidogo hapa. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990 ndani ya viwanja vya Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Daktari Anne Merriman, aliyekuwa miongoni mwa walioianzisha kazi hiyo, mwaka 1993 akaanzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala. Unga wa mofini ulichanganywa na maji, ukatiwa rangi ili chupa kali isichanganywe na nyepesi, na dawa ikawa ya bei ambayo nchi maskini inaimudu. Kubwa zaidi lilikuja mwaka 2004, kanuni za Uganda ziliporuhusu wauguzi na matabibu wenye mafunzo maalumu kuandika mofini wenyewe. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha ushirikiano. Sehemu nyingi timu inasifiwa kwenye semina, halafu inakomea kwenye sahihi ya daktari, naye yuko mjini na mgonjwa yuko kijijini.

Wapo watakaouliza: na mganga wa tiba asili? Mara nyingi mgonjwa ameshampitia kabla hajatufikia sisi. Tanzania ilimtambua kisheria mwaka 2002, na Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 lilishawataja waganga wa jadi miongoni mwa wanaoweza kushiriki katika huduma ya msingi. Mimi sitamwachia kidonda cha saratani kiganjani, na nasema hivyo waziwazi. Lakini daktari anayemkemea mgonjwa kwa kunywa dawa za mizizi anajifungia mlango: wiki ijayo mgonjwa ataendelea kunywa, ila hatamwambia. Ni afadhali kuuliza kwa upole anakunywa nini na kiasi gani, kwa sababu baadhi ya dawa hizo huumiza ini au hugongana na vidonge vyetu.

Ugumu halisi wa kazi hii ni adabu. Katika kikao cha asubuhi, daktari bingwa akishasema, muuguzi kijana aliyempa shikamoo mlangoni hatasimama kusema kwamba chupa iko nyuma ya kabati la vyombo. Atanyamaza, na heshima yake itamgharimu mgonjwa usingizi. Vikao ninavyoviamini ni vile ambavyo mdogo wa cheo huanza kusema na bingwa humalizia, na kila mmoja anaandika kwenye faili moja. Penye faili tano, mgonjwa hugeuka tarishi wa habari zake mwenyewe.

Kwa hiyo ukimpeleka mzazi wako kwenye kliniki inayojitangaza kutibu mwili, akili na roho, usihesabu vyeti ukutani. Muulize muuguzi ni lini mara ya mwisho alimfanya daktari abadilishe dawa. Akiwa na jibu, mwache mzazi wako hapo. Akicheka na kumtazama daktari kwanza, mchukue uende naye kwingine.