Keki ya Passion na Krimu Chizi: Vile Utaipika Manga Bila Oveni na Isibonyee Katikati

Wasee, tuanze na ile stori ya jina. Kwa Sheng, kumanga ni kula. Kwa ramani, Manga ni huku kwetu Nyamira, juu ya ule ukingo wa mawe ambao ukisimama hapo unaona Kisii mjini imelala chini. Sasa msee wa huku akikwambia "kuja tumange Manga," hajarudia neno. Anakuita dishi.

Leo tunamanga keki. Si ile kavu ya kukwama kwa koo hadi uitishe maji. Hii ni laini, iko na krimu chizi ndani, na passion imezungushwa kama mawimbi, yaani ukikata, kila kipande kina mchoro wake. Mtandaoni wanasema ni keki rahisi. Na ni rahisi kweli. Lakini mimi niliharibu tatu mfululizo kabla nijue ngori iko wapi, na hizo tatu zilikuwa unga na mayai ya mathe.

Keki tatu, zote chini

Nilitoka koleji mwaka wa pili juu karo ilikataa. Nikarudi ocha na begi moja na simu. Mathe anauza ndizi na passion sokoni. (Kwa Ekegusii mama tunamwita "baba," na baba mzazi ni "tata." Ukikuja kwetu usichanganyikiwe.) Jioni soko ikiisha, zile passion zimekunjamana ndizo hurudi nyumbani. Hakuna customa anazitaka, lakini ndani ndio zimekuwa tamu zaidi. Nikaona hiyo ni form. Napika keki, nauza vipande pale stage, naacha kuitishwa doh ya bando na kuitisha tena.

Ya kwanza iliinuka hadi ikakaribia mfuniko. Nikapiga picha. Dakika kumi baadaye ilikuwa imeshuka katikati kama bakuli. Ya pili nikaongeza beking pauda, nikidhani ya kwanza ilikosa nguvu. Ikaanguka vibaya zaidi. Ya tatu, passion yote ilizama. Chini ilikuwa uji, juu jangwa.

Mathe hakuniuliza kitu. Alikata ile pembe ilikuwa imeiva, akakula na chai, akasema ni tamu. Manze, hiyo iliniuma. Angenifokea ningelala poa. Usiku huo niliacha kutafuta resipe zingine, nikaanza kutafuta kwa nini keki huanguka.

Shida ni mlima

Kisii mjini iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sisi wa Manga tuko juu yake. Resipe nyingi za mtandaoni zimeandikwa na watu wanaoishi chini kabisa, karibu na bahari. Hapo ndio noma huanzia.

Ukipanda juu, hewa inakuwa nyepesi, na kile kitu huwa inakandamiza inabaki na uhuru. Beking pauda ikipata maji na joto inatoa gesi. Mombasa, hewa nzito inaizuia kidogo, keki inapanda polepole huku kuta zake zikiendelea kuiva. Huku kwetu gesi ile ile inavimba haraka zaidi. Keki inakimbia juu kabla mayai na unga hazijashikana, vile viputo vinapasuka, na jumba linaanguka na wapangaji wote.

Ya pili ni maji. Mombasa maji huchemka kwa digrii 100. Kwa mita 1,700 yanachemka kwa kama digrii 94. Hiyo inamaanisha maji yanatoroka kwa keki mapema, na sukari iliyobaki inakuwa nyingi kulingana na maji. Sukari ikizidi inalegeza keki, haishikani vizuri.

Kwa hivyo dawa ya mlima ni vitu vitatu: punguza beking pauda, punguza sukari kiasi, ongeza maziwa kidogo. Ni hayo tu. Mimi nilikuwa nafanya kinyume.

Na kuna mtego mwingine. Cheki pakiti ya unga. Kuna unga wa ngano wa kawaida, na kuna ule wa kujiumua, yaani beking pauda iko ndani tayari. Ile keki yangu ya pili nilitumia wa kujiumua, alafu nikaongeza pauda juu yake. Ilikuwa bomu, si keki.

Krimu chizi iko kwa kibuyu

Krimu chizi ni jibini laini, nyeupe, ya kupaka, yenye uchachu wa mbali. Hadithi yake inaanzia New York, Marekani, miaka ya 1870, ambapo mtengenezaji wa maziwa anaitwa William Lawrence aliipika pale Chester. Ukiipata supa huku, cheki bei kwanza. Mimi niliishika, nikasoma bei, nikairudisha polepole kama mtu ameamua haitaki.

Alafu nikakumbuka amabere amaruranu. Hayo ni maziwa ya kuganda ya Abagusii: unachemsha maziwa, unayapoza, unayaacha kwa kibuyu yachache hadi yawe mazito. Wazee wamekuwa wakiyanywa na obokima, yaani ugali ya wimbi, tangu enzi. Sasa fikiria: maziwa yaliyochacha, ukiyatoa maji yake, unabaki na nini? Kitu nyeupe, laini, ya kupaka, yenye uchachu wa mbali.

Si kitu kimoja kabisa na ile ya supa, juu ile huwa na mafuta mengi zaidi. Lakini kwa hii keki inafanya kazi bila wasiwasi. Fanya hivi:

Chukua lita moja ya mala ama amaruranu, yatokane na maziwa ambayo hayajatolewa mafuta. Tandika kitambaa safi kwa chujio, mimina, funga, ning'iniza juu ya bakuli usiku mzima, mahali pa baridi. Asubuhi maji ya kijani-njano yatakuwa chini, na kwa kitambaa kutakuwa na kama robo kilo ya jibini laini. Ongeza chumvi kidogo na kijiko kikubwa cha siagi iliyolainika, koroga hadi iteleze. Yale maji usimwage, unaweza kukandia chapati.

Tunda: toa maji kwanza

Keki yangu ya tatu ilizama juu nilimwaga passion mbichi ndani. Juisi ni maji, na maji ni mazito kuliko rojo iliyojaa hewa. Lazima uipike kwanza ikuwe jemu.

Passion 8 zilizokunjamana, kamua ndani yake kwa sufuria ndogo. Kama hutaki mbegu, chuja, lakini acha chache kwa ajili ya sura. Weka sukari vijiko vikubwa 3 na unga wa ngano kijiko kidogo 1, ukishaukoroga kwa maji kidogo. Chemsha moto wa chini ukikoroga, kama dakika 6 hadi 8. Ukipitisha mwiko chini ya sufuria na njia ibaki wazi kidogo kabla kufunga, imeiva. Acha ipoe kabisa.

Huna passion? Matunda damu, nanasi ama ndizi zilizoiva sana zote zinaenda. Sheria ni moja tu: pika hadi iwe nzito.

Vitu unahitaji

Kikombe hapa ni cha mililita 250.

Rojo ya keki: unga wa ngano wa kawaida kikombe 1½ (gramu 200), beking pauda vijiko vidogo 1½, chumvi kidogo, sukari nusu kikombe na kijiko kikubwa 1 (gramu 120 hivi), mayai 2 (ya kienyeji madogo tumia 3), mafuta ya kupika vijiko vikubwa 7, maziwa mililita 120, vanila kijiko kidogo 1.

Ya krimu: ile jibini yako gramu 200, sukari vijiko vikubwa 3, kiini cha yai 1, unga kijiko kidogo 1.

Ya tunda: ile jemu ya passion.

Kama uko Mombasa ama popote karibu na bahari, rudisha pauda vijiko vidogo 2, sukari gramu 140, maziwa mililita 100. Nairobi iko karibu urefu sawa na Kisii, kwa hivyo tumia vipimo vya huku.

Vile unapika

1. Paka mafuta sufuria ndogo ama tini ya sentimita 20, nyunyiza unga, ama weka karatasi chini.

2. Chekecha unga, pauda na chumvi pamoja.

3. Piga mayai na sukari kwa uma dakika 3 hadi rangi ipauke. Ongeza mafuta, maziwa na vanila.

4. Mimina unga ndani, koroga hadi usiuone tena, alafu wacha. Ukiendelea kupiga unatengeneza mandazi.

5. Bakuli lingine, changanya jibini, sukari, kiini na unga hadi iwe laini kama losheni.

6. Mimina robo tatu ya rojo kwa tini. Juu yake weka krimu kwa kijiko, bonge bonge. Katikati ya mabonge weka jemu. Malizia na rojo iliyobaki, pia kwa mabonge, usifunike kila kitu.

7. Sasa chukua kisu. Chora namba nane mara tano ama sita, bila kugusa chini. Acha hapo. Najua mkono utawasha uendelee. Ukiendelea, rangi zote zinachanganyikana na unapata keki moja ya kijivu.

Oveni ya sufuria

Ukiwa na oveni, digrii 180, dakika 45 hadi 50. Wengi wetu hatuna, na haina noma.

Tafuta sufuria kubwa nzito yenye mfuniko wa bati. Weka mchanga mkavu uliooshwa, ama chumvi, wa sentimita 2 chini. Juu yake weka vijiwe vitatu vya kubeba tini, isiguse mchanga. Weka kwa jiko ya makaa, funika, pasha dakika 15. Kupima joto, weka unga kijiko kwa kisahani cha bati ndani kwa dakika 5. Ukigeuka hudhurungi nyepesi, uko sawa. Ukiwa mweusi, toa makaa.

Ingiza keki, funika, panga makaa juu ya mfuniko. Makaa mengi yakae juu, machache chini, juu chini ndiko huungua haraka. Usifunue kabla dakika 35, baridi ikiingia keki inashtuka na kushuka. Inachukua dakika 50 hadi saa nzima. Dunga kijiti mahali pa keki, si mahali pa krimu. Kikitoka kikavu, toa. Krimu itatetemeka kidogo, iko sawa, itashika ikipoa.

Na tafadhali, pikia nje ama mahali pana hewa. Gesi ya makaa kwa nyumba iliyofungwa inaua, na haina harufu ya kukuonya.

Acha keki ipoe kabisa kabla ukate. Angalau saa mbili. Hiyo ndio sehemu ngumu kuliko zote.

Kama unataka kuiuza

Krimu haipendi jua. Bila friji, pika asubuhi, uza siku hiyo hiyo, kivulini. Ukibaki na vipande jioni, watu wa nyumbani wamange. Usimuuzie mtu keki ya juzi, tumbo yake itakumbuka jina lako kuliko ladha.

Ya nne niliitoa Jumatano jioni. Ilipanda, ikasimama, ikakaa hapo. Nililala nikiiangalia kama mtoto mgeni. Asubuhi nikaikata vipande 12. Mathe akafunga sita kwa karatasi akaenda nazo sokoni bila kuniambia bei atauza. Alirudi mikono mitupu na oda mbili, moja ya harusi ndogo ya kanisa, nyingine ya mama jirani yake wa nyanya.

Pesa ya kwanza sikuweka kwa simu. Nilienda dukani nikanunua mayai, yale ya keki tatu zilizoanguka, nikayaweka kwa meza yake. Aliyahesabu moja moja, hakuacha hata moja. Alafu akasukuma mawili kwangu.

"Ya kesho," akasema.