Hisa ya Shilingi Mbili na Bwawa la Masinga

Sokoni Masinga hakuna anayedanganyika kwamba ndengu za kikombe ni rahisi kuliko za gorogoro kwa sababu tu kikombe kinauzwa kwa pesa kidogo. Mnunuzi huangalia kipimo kwanza. Lakini mtu huyo huyo akifungua programu ya dalali wa hisa kwenye simu, akaona hisa ya senti 40 karibu na nyingine ya shilingi 60, husema moyoni: hii ya senti ndiyo nafuu, ikifika shilingi moja nimetajirika. Kipimo amekisahau.

Kipimo chenyewe ni idadi ya hisa. Zidisha bei kwa hisa zote zilizotolewa, ndipo utajua soko la hisa linaithamini kampuni nzima kwa kiasi gani. Chukua KenGen, kampuni ya Kenya inayoendesha mitambo ya umeme kwenye bwawa la Masinga. Mwaka 2006 serikali iliuzia umma asilimia 30 ya kampuni hiyo, kila hisa kwa shilingi 11.90. Mwanzoni mwa 2024 hisa hiyo ilikuwa imeshuka hadi karibu shilingi 2. Kwa kuwa hisa zake ni takriban bilioni 6.6, soko lilikuwa likisema kampuni yote ina thamani ya bilioni 13 hivi, ilhali kwenye vitabu mali yake, madeni yakiisha kutolewa, ilizidi bilioni 200. Mgao wa faida wa mwaka ulioishia Juni 2023 ulikuwa senti 30 kwa hisa, yaani asilimia 15 ya bei hiyo. Mwaka uliofuata ukawa senti 65, na katika mwaka 2025 bei ikavuka shilingi 5.

Soko halikuwa na wazimu. Serikali ndiyo yenye sauti kubwa katika kampuni, mnunuzi mkuu wa umeme ni Kenya Power, na ukame nao hauombi ruhusa: mwaka 2009 maji ya bwawa la Masinga yalipungua hata mitambo yake ikazimwa. Hizo ni hatari halisi. Ila nyuma ya bei ndogo kulikuwa na kitu kinachozalisha pesa kila siku, na hilo ndilo ninalolitafuta kabla ya kitu kingine chochote.

Kampuni ya sukari ya Mumias Sugar ilikuwa na sifa hiyo zamani. Iliingia soko la hisa mwaka 2001 kwa shilingi 6.25. Kadiri bei ilivyoporomoka ndivyo wengi walivyonunua wakiamini haiwezi kushuka zaidi, huku ripoti za kampuni zikionyesha hasara baada ya hasara na madeni yakipanda. Aliyesoma ukurasa wa mtiririko wa fedha hakuhitaji mganga.

Kuna jambo ambalo simu haikuonyeshi waziwazi: gharama ya kutoka. Hisa ya senti 30 ikishuka senti moja tu, umepoteza zaidi ya asilimia 3, na ada za dalali na soko zinakusubiri ukinunua na ukiuza. Kabla hujabonyeza, tazama upande wa wanunuzi. Wauzaji wakiwa na hisa laki kadhaa na wanunuzi wakitaka elfu mbili, faida unayoiona kwenye skrini huwezi kuishika mkononi.

Na wakati mwingine mlango wa kutoka hufungwa kabisa: uuzaji wa hisa za Mumias ulisimamishwa mwaka 2019 zikiwa senti 27. Wenye nazo walibaki na idadi kwenye akaunti, bila soko la kuziuzia.