Gari la Pili la Safari Ndefu: Piga Hesabu ya Mafuta Kwanza

Unaishi Thika na kazi iko katikati ya Nairobi? Hiyo ni kama kilomita 90 kwenda na kurudi, karibu 2,000 kwa mwezi ukifanya kazi siku 22. Sasa linganisha gari mbili. Moja inakupa kilomita 10 kwa lita, ingine 16. Ya kwanza itakunywa lita 200, ya pili 125. Tuseme lita ni shilingi 180: tofauti ni shilingi 13,500 kila mwezi. Ile gari kubwa unayouziwa kwa bei ya kutupa si rahisi vile unafikiri.

Kwa barabara hii, Toyota Vitz ya cc 1000 au Mazda Demio ya cc 1300 inatosha. Si za kuringia, lakini vipuri vyake havisumbui kupata pale Kirinyaga Road. Enda kuiona na fundi wako, si fundi wa muuzaji.

Halafu pesa. Muuzaji akisema, "Tuma kitu kidogo nikushikie, kuna mtu anakuja saa hii," tulia. Chukua nambari ya gari, lipia rekodi zake za NTSA kupitia eCitizen, uone mwenyewe ni nani. Ukiona jina la benki pale, uliza kama mkopo umeisha. Ukianza kutuma, soma jina linalotokea kwenye simu. Kama si lile la kwenye rekodi, usiendelee. Atakuambia ni nambari ya shemeji yake. Sawa, aje na shemeji.

Na salio lote? Hilo lilipe mkiwa pamoja, akiwa ameshaanzisha uhamisho wa umiliki kwenye akaunti yake.