Bembezi ya Wapokomo na tiba iliyomo katika sauti ya mama

KILA Mkenya asimamapo wima kuuimba wimbo wa taifa, huimba lahani iliyozaliwa kandokando ya Mto Tana. Mnamo 1963, jopo lililowajumuisha Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Thomas Kalume liliteua bembezi ya Wapokomo, likaitungia maneno mapya.

Lakini kabla ya kuwa wimbo wa taifa, bembezi hiyo ilikuwa na kazi nyingine: kumtuliza mtoto. Kazi hiyo ndiyo wanayoichunguza wataalamu wa tiba ya muziki, yaani matumizi ya sauti na mdundo kusaidia afya chini ya uangalizi wa aliyefunzwa.

Mwaka wa 2013, jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti kuhusu watoto 272 waliozaliwa kabla ya wakati katika hospitali 11 za Marekani. Walipoimbiwa ana kwa ana, mapigo ya moyo yalipungua kasi, nao wazazi wakapungukiwa na wasiwasi. Nyimbo zilizotumika zilikuwa zile wazazi wenyewe walizozienzi, zikaimbwa polepole kama bembezi.

Siri yake ni nyepesi. Mtoto huanza kuizoea sauti ya mamake angali tumboni. Bembezi huenda taratibu, hurudiarudia maneno, wala haina mshtuko. Anayeimba naye hulazimika kuvuta pumzi kwa utulivu. Simu hucheza wimbo, ila haiwezi kumtazama mtoto anavyopumua na kupunguza mwendo ipasavyo.

Kwa wakazi wa Garsen, jambo hili si la anasa. Mapigano ya 2012 na 2013 kati ya Wapokomo na Waorma yaliwaua zaidi ya watu 100 na kuwafurusha wengi makwao. Mafuriko ya mto nayo hurejea mara kwa mara. Mama aliyekimbia bila nguo wala chungu bado ana wimbo wake, na mtoto aliyetishika huutambua.

Hata hivyo, wimbo si dawa ya homa. Mtoto anayekataa kunyonya au kupumua kwa shida apelekwe hospitalini bila kukawia, na bembezi imsindikize njiani.

Ajabu ni kwamba taifa zima linaihifadhi lahani hiyo gwarideni. Itakuwa hasara iwapo itasahaulika mgongoni mwa mama, ilikoanzia.